Maurice Lindsay na deni la klabu kubwa kwa klabu ndogo

Usiku wa Jumatano, tarehe 7 Oktoba 1987, uwanja wa Central Park mjini Wigan ulifurika watu 36,895 kwa hesabu rasmi. Walikuja kuangalia mchezo wa raga ya wachezaji 13 ambao haukuwamo kwenye ratiba ya ligi yoyote: mabingwa wa Uingereza, Wigan, dhidi ya mabingwa wa Australia, Manly, waliokuwa wametwaa taji lao Sydney siku kumi tu kabla. Trai, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa mpinzani, haikufungwa hata moja usiku ule. Wigan walishinda 8-2 kwa penalti nne za mguu wa David Stephenson, na dakika 80 zote zilikuwa za kukabana, kusukumana na ngumi za hapa na pale. Mtu akisoma matokeo peke yake atadhani mchezo ulikuwa mkavu. Wenye mji wao bado wanausimulia.

Sababu ni hii. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1982, timu ya taifa ya Australia ilizuru Uingereza ikacheza na kila aliyejitokeza na ikarudi nyumbani bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 1986 ikaja tena, ikafanya vilevile. Waingereza, ambao ndio walioanzisha mchezo wenyewe, walikuwa wameanza kuzoea kuonewa kwao. Akatokea mtu mmoja katika bodi ya klabu, mfanyabiashara aliyekodisha mitambo ya ujenzi na kupokea dau kwenye mbio za farasi, akaona kwamba dawa ya woga ule ni kuwaita Waaustralia hadi mlangoni, kuwajazia uwanja, na kuwafunga. Mtu huyo ni Maurice Lindsay.

Lindsay alifariki mwaka 2022. Sifa alizopewa siku zile zilikuwa nzuri na nyingi alistahili. Hata hivyo naona hesabu yake haijafungwa vizuri. Wanaomsifu husimama kwenye makombe ya Wigan na ligi mpya aliyoiasisi. Wanaomlaumu husimama kwenye siku chache za Aprili 1995. Mimi nadhani hayo ni mambo mamoja. Aliyoyafanya akiwa mwenyekiti wa klabu ndiyo yaliyomfanya aone alichokiona, na pia ndiyo yaliyomziba jicho asione kingine.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Wengi wetu tukisikia raga tunawaza ile ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji saba ambayo Kenya imejipatia jina duniani. Hii ninayoizungumzia ni ya wachezaji 13. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George, mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga. Ugomvi ulikuwa wa mkate. Mchimba makaa ya mawe aliyekwenda kucheza Jumamosi alikatwa ujira wa siku hiyo, na klabu zake zilitaka kumfidia; mabwana wa kusini wakasema raga ni ya kujifurahisha na asiye na uwezo asicheze. Waliojitenga wakaendelea kubadili sheria mpaka ukawa mchezo mwingine: mipira ya kurushwa kutoka pembeni ikaondolewa, watu wawili wakapunguzwa kila upande, na timu yenye mpira ikapewa nafasi sita tu za kuangushwa kabla ya kuuachia. Ni mchezo wa kasi na wa maumivu, na hadi leo ngome yake Uingereza ni ukanda mwembamba wa miji ya makaa na pamba kutoka Lancashire hadi Yorkshire na bandari ya Hull. Miji yenyewe ni midogo na imepakana, na kila mmoja una klabu yake.

Wigan ni mmoja wa miji hiyo, kati ya Manchester na Liverpool, na klabu yake ilikuwa kubwa tangu zamani. Mwaka 1959 watu 47,747 waliingia Central Park kuangalia mchezo wake na St Helens. Miaka 21 baadaye, mwaka 1980, klabu hiyohiyo ikashuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilipanda msimu uliofuata, lakini ilipanda ikiwa imechoka, na mashabiki waliobaki walikuwa wachache. Bodi ilikuwa ya kizamani, watu wengi mezani na uamuzi hakuna.

Mwaka 1982 bodi hiyo ikapunguzwa hadi wakabaki wanne: Jack Hilton, Jack Robinson, Tom Rathbone na Lindsay. Mjini wakaitwa Genge la Wanne. Ninapoangalia walichofanya, fedha naziweka nafasi ya pili. Cha kwanza ni kwamba walikataa kuiendesha klabu kama urithi wa kulindwa. Lindsay alikuwa na tabia ya mchukua dau: alijua kwamba mshindi wa kesho unamnunua leo, kabla bei haijapanda na kabla jirani hajaamka.

Mfano wake mzuri ni Shaun Edwards. Alikuwa kijana wa mjini hapohapo, kila klabu ilimtaka, na sheria ilimkataza kusaini kabla ya kutimiza miaka 17. Oktoba 1983, saa sita usiku ilipopita na siku yake ya kuzaliwa ikaingia, watu wa Wigan walikuwa wameshamfikia na kalamu. Walimlipa pauni 35,000, kiasi ambacho hakikuwahi kutolewa kwa mtoto wa shule. Leo tunajua kwamba kijana yule alicheza fainali zote nane za Kombe la Challenge, kombe kubwa la mtoano la mchezo huo Uingereza, ambazo Wigan walishinda mfululizo. Usiku ule hakuna aliyejua. Wangengoja kuche, huenda angekwenda kwingine.

Kisha wakaanza kuja wakubwa. Kwenye fainali ya Kombe la Challenge ya 1985 katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu 99,801, Wigan waliifunga Hull 28-24 katika mchezo ambao wazee wengi wanauita bora kuliko fainali zote. Brett Kenny, Mwaustralia aliyekuja kwa msimu mmoja tu, alikatiza kwenye ulinzi wa Hull kana kwamba walinzi wale wamepandwa ardhini. Mwaka huohuo akaja Ellery Hanley kutoka Bradford kwa mkataba uliohesabiwa pauni 150,000. Hanley, Mwingereza mweusi kutoka Leeds, alifunga trai 59 katika msimu wa 1986/87 na baadaye akawa nahodha wa Uingereza. Joe Lydon alitoka Widnes kwa pauni 100,000, Andy Gregory akatoka Warrington kwa 130,000. Kocha Graham Lowe akaletwa kutoka New Zealand, na baada yake John Monie kutoka Australia. Januari 1992 Martin Offiah, mtoto wa wazazi Wanigeria aliyezaliwa London, akachukuliwa kutoka Widnes kwa pauni 440,000.

Bado kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko bei zote hizo. Wigan ndiyo klabu ya kwanza Uingereza kuwafanya wachezaji wa raga ya watu 13 kuwa waajiriwa wa kutwa nzima. Kwingine mchezaji alishinda kiwandani, mgodini au kwenye gari la kusambaza bidhaa, akafika mazoezini jioni akiwa ameshamaliza nguvu. Wa Wigan aliamka akaenda mazoezini, akala, akalala, akarudi tena mazoezini. Tofauti ilionekana katika robo ya mwisho ya kila mchezo. Mpinzani angeshikilia dakika 55, hata 60, halafu miguu ikagoma, na hapo trai zikaanza kumiminika. Wenye wivu walisema ni fedha. Ni kweli, ila ni fedha iliyonunua muda wa kupumzika, na katika klabu nyingine zote hakuna aliyefikiria kuununua.

Mavuno yake yanafahamika. Kuanzia 1988 hadi 1995 Wigan walitwaa Kombe la Challenge mara nane mfululizo. Ni michezo 43 ya kombe bila kushindwa, hadi Salford walipowaondoa Februari 1996. Ubingwa wa ligi waliuchukua mara saba mfululizo kuanzia 1990. Mwaka 1994 walikwenda Brisbane wakawafunga mabingwa wa Australia 20-14 mbele ya watu 54,220, nyumbani kwao. Na mwaka huohuo, kwenye fainali dhidi ya Leeds, Offiah aliuokota mpira karibu kabisa na mstari wao wenyewe, akapenya katikati ya walinzi wawili, akanyoosha. Mbele yake alibaki mtu mmoja, Alan Tait, mwenye kasi na mwenye akili. Offiah akampitia kwa nje kama mtu anayezunguka kona ya nyumba anayoijua, akaweka mpira chini, akapiga magoti na kuficha uso kwa mikono. Picha ya kipande kile cha majani ya Wembley haifi.

Wakati huo Lindsay mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1992 aliteuliwa kuwa mtendaji mkuu wa chama kinachosimamia mchezo huo, RFL, na hapa ndipo simulizi ya mwenyekiti wa klabu inapogeuka kuwa simulizi ya mchezo mzima.

Tumwonee huruma kidogo kwa alichokikuta. Kaa kwenye kiti kile mwaka 1992 uangalie ligi: klabu moja inashinda kila kitu, na wewe ndiye uliyeijenga. Klabu nyingine zinajitahidi kuifuata kwa kulipa mishahara zisizoimudu, na nyingi zimezama kwenye madeni. Majukwaa yamechakaa, michezo inapigwa kwenye tope la Januari na Februari, na jirani mkubwa, soka, ameanza Ligi Kuu yenye fedha za televisheni. Lindsay alikuwa na jawabu, na sehemu kubwa ya jawabu lake lilikuwa sahihi: mchezo uhame kutoka majira ya baridi uende majira ya joto, ligi iwe na sura mpya, na televisheni ilipe gharama.

Fedha ilikuja ghafla, na ilitoka vitani. Aprili 1995 kampuni ya Rupert Murdoch ya News Corporation ilikuwa inagombania haki za mchezo huo Australia na tajiri wa televisheni, Kerry Packer, na ilihitaji washirika ng'ambo. Uingereza ikawa silaha ya vita ya watu wengine. Ndani ya siku chache wenyeviti wa klabu waliwekewa mezani mamilioni ambayo hawakuwahi kuyaota, na baada ya mivutano mkataba ukatulia kwenye pauni milioni 87 kwa miaka mitano. Kwa klabu zilizokuwa zinahesabu sarafu za getini ili kulipa umeme, huo ulikuwa mvua baada ya kiangazi.

Kilichoambatana na fedha hizo ndicho kilichouma. Mpango wa awali ulitaka klabu ziunganishwe. Castleford, Wakefield na Featherstone zingekuwa timu moja iitwayo Calder. Hull na Hull Kingston Rovers, wanaogawana jiji moja kwa mto na kwa chuki ya vizazi, wangekuwa Humberside. Warrington na Widnes wangeitwa Cheshire. Salford na Oldham wangekuwa Manchester. Mwambie mtu wa Msimbazi na mtu wa Jangwani kwamba Jumamosi ijayo watavaa jezi moja yenye jina la mkoa, uone utakachojibiwa.

Karatasini mantiki ilikuwepo. Castleford, Wakefield na Featherstone zimekaa ndani ya kilomita chache, na kwa mhasibu hizo ni ofisi tatu, viwanja vitatu na mishahara mitatu kwa soko moja. Featherstone ni mji mdogo wa wachimba makaa, na migodi ilikuwa imefungwa baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Baada ya mgodi kufungwa, klabu ndiyo iliyobaki. Mwaka 1983 klabu ile ndogo ilikwenda Wembley ikaifunga Hull 14-12 na kulileta Kombe la Challenge katika mji ambao watu wake wote wangeenea kwenye kona moja ya uwanja ule. Halafu mtu anawaambia kwamba wao ni sehemu ya Calder. Calder ni jina la mto. Mto hauna jukwaa wala wimbo, na hakuna babu aliyewahi kuufungia trai.

Mashabiki walisimama. Waliandamana, wakapiga kura, wakabeba mabango viwanjani, na suala likafika hadi Bungeni. Ndani ya wiki chache miungano yote ilifutwa. Zile timu tatu zilibaki tatu, Hull ikabaki na timu mbili, na ligi mpya ikaanza na klabu 12. Lakini kufutwa kwa miungano hakukuponya kila kidonda. Keighley, waliokuwa wametwaa ubingwa wa daraja la pili msimu huohuo na kujaza uwanja wao mdogo kwa furaha, waliambiwa nafasi ya juu haipo. London, waliomaliza nyuma yao katika daraja hilohilo, wakachukuliwa kwa sababu ni London. Paris ikaundwa kutoka sifuri.

Na Widnes wakaachwa nje. Hapa naomba msomaji akae kidogo. Widnes ndio waliokuwa mabingwa wa dunia wa 1989, walipoifunga Canberra 30-18. Ndio waliomtoa Joe Lydon. Ndio waliomlea Andy Gregory. Ndio waliokwenda kumtafuta Martin Offiah kwenye raga ya watu 15 wakati hakuna klabu nyingine iliyomwona, wakamfanya mfungaji wa kutisha, kisha shida ya fedha ikawalazimisha kumuuza. Mwaka 1993 walikuwa fainali ya Wembley wakipoteza kwa Wigan 20-14. Miaka miwili baadaye ligi ya siku zijazo haikuwa na nafasi yao. Wigan ya Lindsay ilijengwa kwa mawe mengi, na mengi ya mawe hayo yalichimbwa Widnes.

Ninachomdai Lindsay ni hicho. Simlaumu kwa kutaka fedha, maana bila fedha zile sijui ni klabu ngapi zingefika mwaka 2000. Simlaumu kwa kuhama kwenda majira ya joto. Huo ulikuwa uamuzi bora wa kizazi chake, mpira mkavu, familia viwanjani, jioni ndefu zenye mwanga. Sisemi pia kwamba alikuwa peke yake, kwa kuwa wenyeviti walipiga kura na wengi walinyoosha mkono mapema. Ila yeye, kuliko wote waliokuwamo chumbani, ndiye aliyejua klabu ni kitu gani. Alikuwa amepokea timu iliyotoka kushuka daraja na alikuwa ameona mji mzima ukiinua kichwa tena kwa sababu ya jina lile na rangi zile za nyekundu na nyeupe. Hakuna mtu angeweza kumshawishi mwaka 1982 kwamba dawa ya Wigan ni kuunganishwa na Leigh au St Helens. Yale aliyoyajua kuhusu mji wake hakuyapa miji mingine.

Tarehe 29 Machi 1996 ligi mpya, Super League, ilifunguliwa mjini Paris, katika uwanja wa Charléty. Paris waliifunga Sheffield 30-24 mbele ya watu 17,873. Ilikuwa jioni ya kupendeza, na kwa muda ilionekana kwamba mchezo wa miji ya makaa umepata pasi ya kusafiria. Timu ile ya Paris haikuishi zaidi ya misimu miwili. Hata hivyo wazo la Ufaransa halikufa: Catalans kutoka Perpignan waliingia ligi mwaka 2006 na mwaka 2018 wakalitwaa Kombe la Challenge, timu ya kwanza isiyo ya Uingereza kufanya hivyo.

Mei 1996 yalitokea mengine ya kukumbukwa. Raga ya watu 15 ilikuwa imekubali kulipa wachezaji mwaka mmoja tu nyuma, baada ya karne nzima ya kuwafungia mlango watu wa kaskazini. Wigan na Bath, mabingwa wa pande mbili, wakacheza michezo miwili, kila mmoja kwa sheria zake. Kwa sheria za watu 13 Wigan walishinda 82-6, na kwa sheria za watu 15 Bath wakashinda 44-19. Katikati ya michezo hiyo Wigan walikwenda Twickenham, nyumbani kwa waliowatenga mababu zao, wakatwaa taji la Middlesex la wachezaji saba kila upande.

Kwenye ligi yenyewe, msimu wa kwanza wa Super League haukuwa wa Wigan. Bingwa alikuwa St Helens, jirani na hasimu. Mwaka 1998 Sheffield, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi, iliwafunga Wigan 17-8 kwenye fainali ya Wembley. Mchezo ulikuwa umeanza kupumua. Mwaka huohuo kikaanza kikomo cha mishahara, sheria inayozuia klabu moja kununua kila mchezaji bora. Ukiisoma sheria ile kwa makini utaona imeandikwa kwa kumbukumbu ya Wigan ya miaka ya 1980. Njia aliyopita Lindsay ikafungwa nyuma yake, na ikafungwa na ligi aliyoiasisi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka hiyo akarudi Wigan kama mwenyekiti. Akakuta Central Park imeshauzwa kwa kampuni ya maduka ya Tesco. Akiwa nje, madeni yalikuwa yameilemea klabu. Timu ilikuwa inahamia uwanja mpya wa mwenye mali, Dave Whelan, ikigawana majani na klabu ya soka. Miaka michache ilienda vizuri. Halafu ukaja Juni 2005. Wigan walifungwa 70-0 na Leeds, na siku chache baadaye wakafungwa 75-0 na St Helens kwenye Kombe la Challenge, kombe lile lililokuwa kama mali yao. Mwaka 2006 hali ilizidi kuwa mbaya, na kivuli cha 1980 kikarudi: Wigan walikuwa mkiani.

Lindsay akafanya alichokijua. Akamleta kocha Brian Noble kutoka Bradford, kisha katikati ya msimu akamchukua kutoka klabu hiyohiyo Stuart Fielden, mshambuliaji wa mbele, kwa pauni 450,000, bei ya juu kuliko zote duniani wakati ule. Wigan wakafufuka, wakapanda, wakamaliza nafasi ya nane. Aliyeshuka daraja mwaka ule ni Castleford, mojawapo ya zile timu tatu ambazo mwaka 1995 zilitakiwa kufutwa majina.

Baadaye ukaguzi ukaonyesha kwamba Wigan walivuka kikomo cha mishahara katika msimu huo wa 2006. Adhabu ilikuwa kukatwa pointi nne, na zilikatwa kwenye msimu wa 2007, Castleford wakiwa wameshashuka. Sisemi kwamba pointi nne zingebadilisha msimamo wote wa 2006. Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kuhamishiwa mwaka mwingine kirahisi hivyo. Nasema tu kwamba mtu wa Castleford aliyekaa jukwaani siku ile timu yake ilipofungwa 29-17 na Wakefield ikashuka, kisha msimu uliofuata akasoma habari ya adhabu gazetini, ana haki ya kukunja uso akisikia jina la Maurice Lindsay. Na mtu wa Wigan, aliyeokolewa aibu ya kizazi, ana haki ya kuvua kofia. Wote wawili wanamzungumzia mtu mmoja na kitendo kimoja.

Mwishoni mwa 2007 Ian Lenagan aliinunua klabu na zama za Lindsay zikaisha. Kabla ya hapo Septemba ile alipata jioni moja ya mwisho ya aina yake: Wigan, wakiwa na adhabu yao, walikuwa nyuma 30-6 ugenini Bradford kwenye mchezo wa mtoano, wakarudi na kushinda 31-30.

Nikiangalia mchezo ulivyo sasa, alama za vidole vyake ziko kila mahali. Ligi bado inaitwa Super League, bado inachezwa kwenye joto, na bado fainali yake inapigwa Old Trafford kama ilivyoanza 1998. Mwaka 2025 Wigan na Warrington walikwenda kucheza mchezo wa ligi mjini Las Vegas, na sina shaka yoyote kwamba mwenyekiti aliyewaita Manly mwaka 1987 angekuwa wa kwanza kununua tiketi. Hata swali la nani astahili kuwa juu limerudi: klabu sasa zinapimwa kwa alama za uwanja, mapato na mashabiki, na matokeo ni sehemu tu ya kipimo. Ni swali la 1995 lililovaa suti mpya. Safari hii angalau hakuna anayeambiwa abadilishe jina.

Wigan wenyewe wamejifunza kushinda bila njia yake. Mwaka 2024 walitwaa kila taji lililokuwepo, yote manne, kwa kikosi kilichojengwa ndani ya kikomo cha mishahara chini ya nahodha Liam Farrell, mtoto wa mjini. La kwanza kati ya manne lilikuwa mchezo wa tarehe 24 Februari, bingwa wa Uingereza dhidi ya bingwa wa Australia, mchezo uleule ambao Lindsay aliuanzisha upya kwa ubishi wake. Uwanja uko mwendo mfupi tu kutoka pale ilipokuwa Central Park. Zikiwa zimebaki sekunde, Wigan wakiongoza 16-12, Taylan May wa Penrith alirundikiwa na walinzi juu ya mstari akiwa na mpira mkononi, na hakuna aliyeona vizuri kama umegusa chini. Mwamuzi akapeleka uamuzi kwenye video. Watu wakasimama wameshika vichwa, picha zikarudiwa polepole mara nyingi, mpaka jibu likatoka kwamba si trai.